Kwa Nini Yaliyofundishwa Semina Hayafiki Wodini

Kamati ya afya ya parokia inapopata fedha za kusaidia zahanati yake, pendekezo la kwanza mezani mara nyingi huwa ni semina kwa wauguzi. Ukumbi unakodiwa, mwezeshaji anaalikwa, washiriki wanalipwa nauli na posho, na jioni kila mmoja anarudi nyumbani na cheti na kabrasha. Ripoti inayokwenda kwa mfadhili husema kwamba wauguzi kadhaa wamejengewa uwezo. Miezi 6 baadaye mfadhili akiuliza ni kitu gani kimebadilika katika huduma, jibu huwa gumu kupatikana, na lawama humwangukia muuguzi: amefundishwa lakini hafanyi, ni mzembe, hataki mabadiliko.

Ndugu wanakamati na wafadhili, tunaomba tulitazame jambo hili upya. Tafiti zilizofanyika hapahapa nchini, mojawapo katika hospitali ya kanisa, zinaonyesha kwamba kati ya kujua na kutenda kuna vikwazo ambavyo muuguzi peke yake hawezi kuviondoa. Baadhi ya vikwazo hivyo viko mikononi mwa wanaopanga bajeti.

Somo kutoka Haydom

Mtoto akizaliwa bila kupumua, dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Wakunga huiita dakika ya dhahabu. Mtoto anakaushwa, anasuguliwa mgongoni, njia ya hewa inasafishwa ikihitajika, na asipoanza kupumua anapuliziwa hewa kwa kile kifaa cha mpira na barakoa ambacho wauguzi hukiita ambu. Kazi hii haihitaji umeme wala mashine kubwa. Mafunzo yake yalianza kutolewa Tanzania mwaka 2009. Katika hospitali 8 zilizofuatiliwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, yaani pungufu ya asilimia 47. Hivyo hakuna shaka kwamba mbinu yenyewe inaokoa maisha.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ilitaka kujua zaidi. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo hayo kwa siku moja. Walipimwa kwa mwanasesere kabla ya mafunzo, kisha wakapimwa tena miezi 7 baadaye. Waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto asiyepumua walipanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Katika ripoti za kawaida za miradi, habari ingeishia hapo na kila mtu angepongezwa. Lakini Haydom ilikuwa na waangalizi waliokaa leba mchana na usiku, wakiandika kila kilichofanyika kwa kila mtoto, na kwa dakika gani. Maandishi yao yalionyesha kwamba kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Wahudumu waliofaulu vizuri mbele ya mwanasesere waliendelea kufanya leba kama walivyozoea.

Hapo uongozi ungeweza kuandaa semina ya pili. Badala yake, kuanzia mwaka 2011, mwanasesere aliletwa leba akakaa hukohuko. Wakunga walifanya zoezi fupi la dakika 3 hadi 5 kila wiki wakiwa kazini, na kila mwezi wakarudia somo kwa dakika 40 hivi. Katika mwaka uliofuata vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Jambo la kutafakari ni kwamba somo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia, na idadi ya mara ambazo mikono ilirudia kazi hiyo.

Maelezo yake si magumu. Watoto wengi huzaliwa wakilia. Mkunga wa kituo kidogo anaweza kukaa wiki nyingi bila kukutana na mtoto asiyepumua, kisha akakutana naye saa 9 usiku, mama akiwa anatoka damu na taa ikiwa ni ya simu. Wakati kama huo mtu hafanyi alichosoma kwenye kabrasha. Anafanya kile ambacho mikono yake imekizoea.

Zamu ya mtu mmoja

Sasa tuje karibu na nyumbani. Chamazi iko pembezoni mwa Manispaa ya Temeke, kwenye barabara itokayo Mbagala Rangi Tatu kwenda Mbande. Wengi siku hizi wanaijua kwa uwanja wa mpira wa Azam, lakini wakazi wake wa zamani wanakumbuka mashamba mahali ambapo leo pana nyumba, fremu za maduka na vituo vya bodaboda. Watu wamehamia huku kwa sababu viwanja vya katikati ya jiji havishikiki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni moja halikuishia Kariakoo wala Upanga. Sehemu kubwa yake imekuja pembezoni kama huku, na zahanati hazikuongezeka kwa kasi hiyohiyo.

Fikiria asubuhi ya muuguzi katika zahanati ya eneo la namna hii. Kliniki ya wajawazito na ya watoto zinaanza pamoja. Kuna chanjo, kuna kupima uzito, kuna kidonda cha kusafishwa, na kuna mama wa uzazi wa mpango anayetaka kuongea faragha wakati chumba ni kimoja. Kila huduma ina kitabu chake cha MTUHA cha kujazwa, na mwisho wa mwezi takwimu zote hizo lazima zijumlishwe na kupelekwa wilayani. Mwenzake yuko likizo ya uzazi. Tabibu ameitwa kwenye kikao. Muuguzi huyu akisikia kuna mwongozo mpya, swali lake la kwanza ni moja tu: nitautekeleza saa ngapi?

Hali hii haiko Dar es Salaam peke yake. Mwaka 1991 watafiti wa uuguzi huko Marekani walitunga dodoso la kupima vikwazo vinavyowazuia wauguzi kutumia matokeo ya utafiti. Tangu hapo dodoso hilo limetumika katika nchi nyingi, na mwaka 2010 tafiti zaidi ya 60 zilizolitumia zilikusanywa na kulinganishwa. Majibu yalifanana mno. Kikwazo kilichotajwa sana hakikuwa dharau kwa elimu. Wauguzi walisema hawana muda kazini wa kujaribu jambo jipya, na hawana mamlaka ya kubadilisha utaratibu wa kumhudumia mgonjwa. Ikiwa wauguzi wa nchi tajiri wanalalamikia muda, sisi tunaomwacha mtu mmoja na kituo kizima tusishangae.

Kipimo kinasema hapana, mgonjwa anasema ndiyo

Mfano mzuri wa vikwazo vinavyoshikana ni homa. Kwa miaka mingi homa ilikuwa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na aliyesema hivyo hakuwa mjinga. Ndivyo miongozo yenyewe ilivyomfundisha, hasa kwa watoto wadogo. Kisha kikaja kipimo cha haraka kinachohitaji tone la damu na kama robo saa tu ya kusubiri. Utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilionyesha hawana malaria waliandikiwa dawa za malaria hata hivyo. Kipimo kilikuwepo. Waliokitumia hawakukiamini.

Hapa Dar es Salaam mambo yalikwenda tofauti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vipimo vililetwa vituoni pamoja na mafunzo, usimamizi na ugavi wa uhakika. Wagonjwa wa homa waliopewa dawa za malaria walipungua kutoka asilimia 75 hadi asilimia 20. Ni mafanikio makubwa, lakini yana upande wa pili ambao wafadhili wanapaswa kuujua: katika utafiti huohuo wagonjwa waliopewa viuavijasumu (antibiotiki) waliongezeka kutoka asilimia 49 hadi 72. Mhudumu aliyenyang'anywa jibu moja alitafuta jingine, kwa sababu mama ametoka mbali na mtoto ana homa kweli, na hawezi kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Utafiti mwingine wa watoto 1,005 wenye homa, uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu ya watoto hao, wakati asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi, ambayo viuavijasumu haviyatibu.

Muuguzi anayemwambia mama kwamba mtoto hahitaji dawa anahitaji dakika 10 za kumweleza dalili za hatari na lini arudi. Anahitaji pia jamii inayoelewa. Hapa parokia zina nafasi ambayo wizara haina. Tangazo kanisani, au somo katika jumuiya ndogondogo, kwamba kipimo kikisema hakuna malaria tukiamini, linaweza kumpunguzia muuguzi mabishano mengi kuliko bango lolote ukutani.

Nani mwenye ruhusa?

Wapo wanaosema wauguzi wakongwe ndio wagumu zaidi kubadilika. Kabla ya kukubali, tukumbuke walichopitia. Mkunga aliyehitimu zamani alifundishwa kukata kitovu mara tu mtoto anapozaliwa, na alifundishwa kwamba hiyo ndiyo sayansi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kusubiri dakika 1 hadi 3. Kwa mama mwenye VVU mageuzi yalikuwa magumu zaidi. Kwa miaka kadhaa ushauri ulikuwa aepuke kunyonyesha kama anaweza kumudu maziwa mbadala kwa usalama, au aachishe mapema. Wakati huohuo tafiti, ukiwemo ule wa Mitra Plus uliofanyika hapahapa Dar es Salaam kwa akina mama wapatao 500, zilionyesha kwamba mama akimeza dawa za kufubaza virusi anaweza kunyonyesha na hatari ya kumwambukiza mtoto ikawa ndogo sana. Mwaka 2010 mwongozo wa dunia ukageuka: anyonyeshe hadi miezi 12 huku akitumia dawa. Mwaka 2016 ukaongezwa hadi miezi 24.

Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri. Lakini aliyekaa kwenye benchi la kliniki akimtazama mama usoni, akimwambia kinyume cha alichomwambia kwa mtoto wake wa kwanza, alikuwa ni muuguzi. Mara nyingi alipewa amri mpya bila kupewa sababu yake. Mtu wa namna hiyo akisita, kusita kwake kuna historia.

Lipo pia suala la vyeo. Muuguzi wa cheti anaweza kutoka semina akiwa na hakika kwamba utaratibu fulani wodini umepitwa na wakati. Akirudi anamkuta mganga mfawidhi ambaye hakuhudhuria, na matroni ambaye hajaona waraka wowote. Akibadilisha peke yake na mgonjwa akapata tatizo, ni yeye atakayeandika barua ya kujieleza. Akinyamaza, hakuna atakayemuuliza. Nani atamlaumu kwa kunyamaza? Ndiyo maana kumpeleka mtu mmoja kwenye mafunzo, bila mkubwa wake wa kazi, mara nyingi ni kupoteza nauli.

Lugha na unene wa kitabu

Tafiti karibu zote huandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mengi husomwa kwa kulipia. Miongozo inayotokana nazo ni vitabu vinene, navyo mara nyingi ni vya Kiingereza. Wauguzi wetu wamesoma kwa Kiingereza chuoni, hilo ni kweli, lakini wodi huendeshwa kwa Kiswahili, na hakuna anayefungua kitabu cha kurasa 200 mama anapopata kifafa cha mimba.

Zanzibar ilitupa mfano wa kuigwa. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako walizaliwa watoto wapatao 12,000 kwa mwaka, mradi uitwao PartoMa ulianza kwa kukubali ukweli ambao wengi huuficha: miongozo ya kimataifa imeandikwa kwa wodi yenye wakunga wa kutosha, na Mnazi Mmoja hawakuwepo. Madaktari na wakunga wa hospitali hiyo walikaa na watafiti wakaandika kijitabu chembamba cha mfukoni, kinachosema nini kinawezekana kufanyika na nini kitangulie pale mkunga mmoja anapoangalia akina mama kadhaa kwa wakati mmoja. Semina fupi zikarudiwa kila baada ya miezi michache kwa yeyote aliyetaka kuhudhuria. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Baadaye mradi huo uliletwa katika wodi 5 za uzazi zenye msongamano mkubwa hapa Dar es Salaam, na kijitabu kikaandikwa upya na wahudumu wa huku, kwa sababu kilichofaa Unguja si lazima kifae bara kama kilivyo.

Kitanda cha mama

Wakati mwingine kikwazo ni ukuta. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto njiti 3,211 katika nchi 5, Tanzania ikiwemo. Watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, tangu mwanzo, badala ya kusubiri hali zao zitulie kwanza wakiwa wametengwa. Katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12.0 ya waliowekwa kifuani, ukilinganisha na asilimia 15.7 ya wale wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaufanya kuwa utaratibu wa kupendekezwa.

Sasa mpeleke muuguzi na ushahidi huo katika chumba cha watoto wachanga kilichojengwa kwa mpango wa zamani. Ndani kuna mashine za joto zilizopangwa ukutani, mlangoni pana maandishi ya kuwazuia wasiohusika, na mama analala wodi nyingine au kwenye benchi nje. Hakuna kitanda wala kiti cha kuegemea. Choo kiko mbali. Muuguzi huyu anaamini kabisa utafiti, na hawezi kuutekeleza mpaka mtu abomoe ukuta au anunue vitanda. Tunasema wazi, ingawa baadhi ya wafadhili wetu watakunja uso: mashine ya joto inapigwa picha vizuri na inabandikwa jina la aliyeitoa, lakini kitanda cha mama pembeni ya mtoto wake kinaweza kuwa zawadi bora zaidi. Watoto mahututi wanahitaji vifaa, hilo halina ubishi. Kinachohitajika kwanza ni kumuuliza muuguzi wa chumba hicho kabla ya kuagiza.

Fedha ziende wapi

Hatusemi semina zifutwe. Tena tuwe wakweli: kwa muuguzi wa mshahara mdogo posho ya semina ni ada ya shule ya mtoto, na anayeifuta bila kufikiri atapoteza imani ya watu anaowategemea. Tunachosema ni kwamba semina iwe mwanzo wa kazi. Kamati inayopokea ombi la mafunzo iulize mwanasesere wa mazoezi atakaa wapi baada ya mafunzo, nani atasimamia zoezi la kila wiki, na kama mtu huyo amepunguziwa kazi nyingine ili aweze kusimamia. Iulize kama mfawidhi atahudhuria. Iulize barakoa ya ambu ikipasuka itanunuliwa kwa fungu gani. Barakoa ni kitu kidogo, nacho ndicho kinachoweza kulaza mafunzo yote, kwa sababu maombi ya vifaa huchukua muda na bajeti za miradi hazipendi vitu vidogo.

Wanaodhani njia hii inafaa hospitali moja tu watazame kilichofuata Haydom. Kati ya mwaka 2021 na 2023 mazoezi ya namna hiyo, pamoja na vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na wasimamizi waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wahudumu wenyewe, yalipelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yakihusu akina mama na watoto wapatao 300,000, yalionyesha vifo vya watoto, wakiwemo waliozaliwa wafu na waliokufa ndani ya saa 24, vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kwa takriban robo tatu. Vituo hivyo ni vya wilayani na mikoani, vyenye upungufu uleule wa watumishi tunaoufahamu.

Kwa kamati ambazo zahanati zao zinazalisha, tunapendekeza jambo moja la kuanzia kabla hata fedha hazijatafutwa. Katika kikao cha kila robo mwaka, mwombeni muuguzi mfawidhi aje na takwimu kutoka daftari la leba bila majina ya akina mama: watoto wangapi hawakulia walipozaliwa, wangapi walipuliziwa hewa, na wangapi walikuwa hai baada ya saa 24. Takwimu zikiwa mbaya asilaumiwe kikaoni, maana akilaumiwa, robo ijayo mtaletewa takwimu nzuri zisizo za kweli. Zahanati zisizozalisha zinaweza kufanya hivyo kwa homa: wangapi walipimwa malaria, wangapi hawakukutwa nayo, na wangapi kati ya hao waliondoka na dawa mseto au viuavijasumu.